Usiku walipokuita: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Barua yako tumeipata. Unasema huenda mwanao akaitwa Ijumaa hii kwenye hafla ya Order of the Arrow, kile chama cha heshima cha maskauti wa Marekani, huko kambini, nawe unauliza: "Baba, usiku ule waliponiita mimi, mbona ulisimama tu? Ulikuwa unawaza nini?"

Kusimama tuliagizwa. Wazazi tukae nyuma, kimya, na nyinyi mlioitwa hamkuruhusiwa kusema neno. Niliyoyawaza ndiyo marefu.

Mimi nimekulia Tanga, ambako zawadi ilikuwa ya aliyeshika namba ya kwanza, na jina lake lilisomwa na mwalimu mkuu. Wewe hukuwa mtoto wa namba ya kwanza. Kiongozi wenu alipotupigia simu kwamba tuje bila kukuambia, nilimuuliza nani amekuchagua. Akasema ni kura za vijana wa kundi lenu, na wengi wao si wanachama wa Order. Yeye kazi yake ilikuwa kuthibitisha masharti tu: cheo cha skauti wa daraja la kwanza, kulala kambini siku 15, na kadhalika. Hapo nikatulia. Mwalimu unaweza kumfurahisha mwaka mzima, lakini mliolala hema moja mvua ikinyesha hamdanganyani.

Basi mkapangwa mstari mbele ya moto. Shati lako lilikuwa limechomoka upande mmoja. Jina lako likaitwa, wakalitamka vibaya kama kawaida yao, ukatoka ukiangalia viatu vyako. Mbele yangu alikuwepo mtoto mdogo wa kundi lenu, soksi zimemlowa, akamnong'oneza mwenzake: "Huyo ndiye alikuwa anakaa na mimi nikilia usiku." Mwanangu, habari hiyo hukuwahi kutuambia. Nilitamani nimshike yule mtoto nimuulize zaidi, nami nimeagizwa kunyamaza.

Nimesoma baadaye kwamba chama hicho kilianzishwa mwaka 1915 kwenye kambi ya Treasure Island, katika mto Delaware, na E. Urner Goodman pamoja na Carroll Edson. Goodman alikuwa na miaka 24. Walitaka maskauti wenyewe wamtambue mwenzao anayetumikia wengine kwa moyo mkunjufu. Kijana wa miaka 24 kuliona hilo, namheshimu sana.

Marehemu bibi yako nilimweleza kwa simu kwamba mkishaitwa mtakuwa na mtihani: mtalala nje, kila mmoja peke yake, kisha mfanye kazi kutwa bila kusema, na chakula kidogo. Akauliza, "Wanamtia kumbini?" Nikamwambia jando lako lilikwisha zamani, hili ni jingine. Akasema vizuri, mradi kuna wakubwa wanaowaangalia, na akakuombea dua pale pale kwenye simu.

Ijumaa nenda mapema, vaa sweta, simama karibu na watoto wa kundi lake. Moto utauona tu. Wewe sikiliza wanavyosema wao. Akimaliza mtihani wake na kurudi nyumbani, usimhoji. Mpe wali kwanza, maana wewe ulikula mpaka ukoko. Kisha anipigie simu yeye mwenyewe, hata kama huku ni usiku wa manane.

Baba yako