Foles alibeba Super Bowl, lakini je, alimzidi Wentz?

Mkuu, umeuliza kama Super Bowl ya Februari 2018 (fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ambayo Philadelphia Eagles waliishinda) haitoshi kuthibitisha kwamba Nick Foles alikuwa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) bora kuliko Carson Wentz. Mimi naishi Pennsylvania, msimu ule wa Eagles niliufuatilia mechi kwa mechi, na jibu langu ni hapana, haitoshi. Kabla hujalinganisha namba, angalia kila mmoja alikuwa anaagizwa afanye nini.

Wentz, kwotabeki wa kwanza wa Eagles, aliumia goti Desemba 10, 2017, kwenye mechi na Rams, akiwa ameshatoa pasi 33 za tachidauni (za kufunga kwenye eneo la mwisho la mpinzani), na pasi 7 tu zikiwa zimedakwa na wapinzani. Ila utamu wake ulikuwa pale mpango unapovurugika. Mwezi Oktoba, dhidi ya Washington, alimezwa na rundo la mabeki, sote tunajua kashaangushwa, mara huyoo kachomoka na kukimbia yadi 17. Hakuna kocha anayechora kitu kama kile ubaoni.

Foles, yule wa akiba aliyechukua nafasi yake, hakuwa na miguu hiyo. Giants aliwapiga vizuri, lakini mechi mbili zilizofuata zilikuwa aibu: pasi 19 tu zilizofika kati ya 38 dhidi ya Raiders, kisha 4 kati ya 11 dhidi ya Cowboys kabla hajapumzishwa. Huku mtaani watu walishaanza kuuaga msimu. Kocha Doug Pederson na msaidizi wake Frank Reich (wote walikuwa kwotabeki wa akiba enzi zao) wakampunguzia maamuzi: msome beki mmoja tu. Akikimbilia mbele, tupa pasi fupi kwenye nafasi aliyoiacha nyuma yake. Akibaki nyuma, mpe mpira mkimbiaji. Kwenye mtoano, Falcons wakafa 15–10 bila Foles kutoa pasi hata moja ya tachidauni. Siku ile ulinzi ndio uliotuvusha. Falcons waligota yadi 2 tu kutoka mstari wa tachidauni.

Dhidi ya Vikings, sibishi. Yadi 352, na ile pasi ya yadi 53 kwa Alshon Jeffery ilikuwa yake mwenyewe. Kwenye fainali, yaani ile Super Bowl, yadi 373 na tuzo ya mchezaji bora wa mechi juu.

Sasa tazama Januari 2019 dhidi ya Saints. Pasi nzuri tu inampita Jeffery mikononi, inadakwa na mpinzani, Eagles wanatoka 20–14. Takwimu inamwandikia Foles kosa.

Ndiyo maana mchezaji wa akiba nampima kwenye jaribio la tatu lenye yadi nyingi (timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10), uwanja mzima ukijua pasi inakuja na kocha hana pa kumfichia. Ukinipa mtoano wa mechi tatu, namchukua Foles yule yule bila kusita. Ukinipa msimu wa mechi 16, naanza na Wentz wa 2017, awe MVP (mchezaji bora wa msimu) au asiwe.