Jibu: Wamisionari wetu Sikonge wanasali peke yao

Shikamoo mzee wa kanisa. Nimekuelewa: wamisionari wenu wa kigeni hapo Sikonge, Tabora, wanasali nyumbani kwao, na usharika unawakumbuka pakihitajika mabati tu; unauliza mfanyeje ili wasali pamoja nanyi. Usianze na ibada kubwa ya Jumapili. Watakalishwa mbele kwenye viti vya heshima na mambo yataishia hapo. Waalikeni kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba. Ninyi Wamoravian mna kitabu cha neno la kila siku, kilichoanzia Herrnhut, Ujerumani, na kuchapishwa tangu mwaka 1731. Wasome kwa lugha yao, nanyi kwa Kiswahili, kisha kila mtu amwombee mwenzake shida yake. Kwaya nayo iwafundishe wimbo mmoja. Habari za fedha zisiguswe kabisa siku hiyo! Kabla ya kuwapa zamu ya kuhubiri, mchungaji aulize Uhamiaji kuhusu vibali vyao.