Kama hujajua kusimama, usipande juu (jibu kwa kijana wa Masasi anayekwenda Lesotho)

Mkuu, nimekusoma. Mpo watano, mnataka mwezi wa sita muwe Afriski, kile kituo cha michezo ya theluji kule Lesotho, siku wanayofungua msimu, mkajaribu snoubodi, yaani kuteleza kwenye theluji ukiwa umesimama juu ya ubao uliofungwa miguuni. Umeuliza nguo, nauli, chakula cha halali, na kama mnunue mbao au mkodi. Sawa. Halafu katikati hapo umechomekea kama kitu kidogo tu: "Mwalimu hatuhitaji, kuna mwenzetu alishawahi kucheza, atatufundisha."

Hapo umenigusa kidonda. Futa hiyo sentensi. Yaani ifute kabla hata hujakata tiketi ya basi la Dar.

Huyo mwenzenu simjui, ila wa kwetu, tuliyekwenda naye sisi hukohuko Afriski, namjua vizuri. Alifanya kazi Johannesburg, akapelekwa mlimani na watu wa ofisini kwake, akarudi na picha. Kasimama na ubao, miwani mikubwa usoni, meno yote nje. Tukamwamini. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona picha zote kapigwa akiwa tambarare, tena kasimama, wala hakuna inayomwonyesha akienda popote. Huyo ndiye aliyetuambia tusipoteze hela ya mwalimu, kwamba snoubodi ni balansi tu, na watu waliozoea baiskeli ya mchangani hawashindwi na balansi. Na kwamba siku ya ufunguzi ndiyo nzuri zaidi, theluji bado mpya na laini, ukianguka ni kama hujaanguka.

Laini! Ngoja nikueleze hiyo laini. Mwezi wa sita mwanzoni anga ya kule mara nyingi haijatoa theluji ya maana, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokanyaga ni theluji ya mashine. Usiku kukiwa chini ya sifuri wanarusha maji na hewa ya shinikizo, matone yanaganda yakiwa hewani, yanatua yakiwa chembe ndogo za barafu. Halafu trekta linapita kushindilia. Zile chembe hushikana na kuwa ngumu kuliko theluji iliyodondoka yenyewe. Asubuhi ni sakafu. Saa sita jua linailainisha juu kidogo, jua likijificha nyuma ya mlima inaganda tena, mbaya kuliko asubuhi. Mteremko mkubwa wa pale una urefu wa kama kilomita moja, na msimu unapoanza mara nyingi ni ukanda tu uliotengenezwa katikati, pembeni majani makavu na mawe. Sasa warundike humo watu wote walioisubiri hiyo siku tangu mwaka jana. Ndiyo darasa la mwenzetu hilo.

Tulifika kwa mbwembwe, tunapiga kelele "Mtwara kuchele!", watu wanatushangaa. Sisi wa Newala tunajidai baridi tunaijua kwa sababu mwezi wa saba tunaamka na ukungu mlangoni. Kule upo juu ya meta 3,000. Juzi yake ulikuwa Mtwara mjini, usawa wa bahari. Kichwa kinagonga, ukifunga kamba za buti mara mbili unahema.

Pale chini kuna sehemu ya wanaoanza, kamteremko kadogo, watoto wanateleza na walimu wao. Mimi nilitaka kwenda hapo. Mwenzetu akacheka. "Pale ni pa watoto, twende juu, mtu anazoea haraka akiwa juu." Tukamfuata.

Lifti yenyewe haina kiti. Ni fimbo inayoning'inia kwenye waya, unaikumbatisha mapajani, inakuburuta kupanda mlima ukiwa umesimama, mguu wa mbele umefungwa kwenye ubao na wa nyuma upo huru. Nilidondoka humo mpaka foleni ikaanza kunipigia makofi. Hiyo peke yake ilitosha kumwambia mtu mwenye akili kwamba hajafika wakati wa kupanda. Lakini nilifika juu, nikafunga na mguu wa pili, nikatazama chini. Nikakumbuka Shimo la Mungu pale kwetu, lile korongo refu, tofauti ni kwamba pale Newala hakuna anayekufunga miguu yote miwili halafu akakwambia sogea unaziba njia.

Sikiliza hapa vizuri. Ubao una kingo mbili za chuma, ukingo wa upande wa visigino na ukingo wa upande wa vidole. Ukiwa umeelekea bondeni, unaokushikilia ni ule wa visigino, kwa sababu ndio uliopo upande wa mlima. Ukiulaza ubao bapa, ukingo wa vidole unakamata theluji, na wewe unapigwa chini papo hapo. Haya niliyajua baadaye. Somo la mwenzetu lilikuwa hivi: "Legeza magoti, tazama mbele, ubao utakwenda wenyewe."

Ulikwenda wenyewe kweli. Kasi ikanizidi, nikaegemea nyuma, ukapungua kidogo, nikafurahi, nikajirudisha mbele nisimame wima kama mtu. Ukingo wa vidole ukakamata. Mikono ikatangulia, na wakati huo wala hujapanga kuitanguliza, inatangulia yenyewe. Maumivu hayakuja kwanza. Nilisikia kitu ndani ya glovu, ka-sauti kadogo, kavu, nikadhani ni kifungo cha glovu. Nikaivua kwa meno. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepanda juu, pasipo mahali pake, na vidole vimeanza kuwa baridi. Nikageuka kumtafuta mwalimu wetu. Alikuwa anarekodi video.

Na wewe unayejiandaa kuandika "Mmakonde na theluji wapi na wapi", nimekuona, nakusalimu. Kilimanjaro ipo nchini kwako na theluji yake hujawahi kuigusa, angalau mimi yangu niliigusa kwa uso.

Kutoka pale hadi mji wa Butha-Buthe unashuka kona za barabara ya mlima ya Moteng, na kila kona dereva anayokata mkono unaihesabu. Bima yangu ya safari kumbe haikuhusu michezo ya theluji, nyingi haziihusu mpaka uiombe na uilipie zaidi, na kijana aliyeniuzia alikuwa ameapa kwamba "inakava kila kitu". Kwa hiyo picha ya eksirei, kuvuta mfupa, hogo la plasta, vyote vilitoka mfukoni mwangu.

Lakini hiyo haikuwa hasara. Hasara ilinisubiri nyumbani. Wewe ni mtu wa Masasi, sihitaji kukueleza mwezi wa sita na wa saba ni nini kwa mwenye mikorosho. Narudi na hogo hadi karibu na kiwiko, maua yanachomoza, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unaanza kuyapaka weupe, mifuko ya salfa ya kuuzuia ipo stoo na bloa, mashine ya kupulizia, ipo ukutani. Bloa yangu mwenyewe nimeizoea, nainuka alfajiri kabla ya upepo, umande ukiwa bado kwenye majani, unga unakamata. Kwa mkono mmoja huwezi hata kuvuta kamba iwake. Nikaweka vibarua. Wakaja jua limeshatoka, upepo umeshaanza, salfa inakwenda kwa jirani. Jirani alivuna vizuri sana mwaka ule, na mpaka leo akinipita ananisalimia kwa heshima nyingi. Mwezi wa kumi minada imefunguka, watu wanapeleka magunia ghalani, mimi napeleka kiasi ambacho hata karani alinitazama mara mbili.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena hata mkinichoka: kama hujajua kusimama, usipande juu. Sijasema kushuka, nimesema kusimama. Upo kwenye kale kamteremko ka watoto, umeelekea bondeni, uzito kwenye visigino, unainua vidole vya miguu na ubao unasimama pale unapotaka wewe. Halafu unageuka, umeutazama mlima, unafanya hivyohivyo kwa vidole. Ukiweza pande zote mbili bila kushikwa mkono, kaipande lifti. Hujaweza? Baki chini siku nzima, kunywa chai, cheka wenzako. Na hili la kusimama hufundishwi na rafiki, kwa sababu rafiki ana hamu ya kwenda juu na hela hujamlipa. Mwalimu wa kulipwa atakuweka pale chini mpaka uchukie, tena atakufundisha kuanguka kwanza: unakunja ngumi, unaangukia mkono kati ya kifundo na kiwiko, au matako, viganja huvitangulizi. Wanaoanza snoubodi huumia kifundo cha mkono kuliko mahali pengine popote. Kuna kinga za vifundo, vile vigumu vinavyovaliwa ndani ya glovu, tafuteni. Kofia ngumu pia.

Nguo umeuliza. Jinzi hapana, inalowa halafu inaganda ikiwa mwilini. Chukua miwani ya theluji na mafuta ya jua hata kama ni mweusi kama mimi, maana jua la kule linakupiga kutoka juu na theluji inakurudishia kutoka chini.

Kabla ya kulipa nauli, waandikieni wa kule wawatengee mwalimu asubuhi ya kwanza, siku ya ufunguzi nafasi zinaisha mapema. Wote watano, na huyo mjuzi wenu jina lake liwe la kwanza. Akikataa mleteni kwangu Newala. Mkono wangu unauma mvua ikikaribia, nitamwonyesha, halafu nitamwonyesha na ile video, maana yule bwana aliituma kwenye grupu la ukoo.