Kabla hujamrushia paka jiwe, tafuta anachokifuata kwako

Nilihamia Uyole, Mbeya, kifuku kikiwa ukingoni, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kuchimba matuta manne nyuma ya nyumba, mawili ya spinachi na mawili ya chainizi. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta miche imelala ubavu, mizizi nje, na katikati ya tuta kuna kichuguu kidogo cha udongo kilichofukiwa vizuri kabisa. Nikafukua kwa kijiti, harufu ikatosha kunieleza. Usiku huo huo paka wakaanza kulia juu ya bati, sauti ile kama ya mtoto mchanga aliyeachwa nje kwenye baridi, hadi mwanangu mdogo akahamia kitandani kwangu.

Jirani mmoja alinishauri sumu. Alisema yeye huchanganya na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na usiku mmoja tu shida imekwisha. Sikumfuata, lakini pia sikumkataza, na kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka leo, kwa sababu wiki mbili baadaye aliitega kweli. Alikufa paka jike mmoja mwenye madoa ya kijivu. Akafa pia mbwa wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akifunguliwa usiku kulinda. Vitoto vya yule jike tulivisikia vikilia kwenye dari la banda la stoo kwa siku mbili, na tulipopata ngazi ya kupandia vilikuwa vimeshanyamaza. Mwezi haujaisha, shume mmoja mgeni, yaani paka dume, akawa anapita juu ya ukuta ule ule, na panya wakawa wametoboa viroba vitatu vya mahindi yangu.

Tangu hapo nimejibidiisha kuwaelewa hawa wanyama. Nilimsumbua daktari wa mifugo kwa maswali, nikawa natoka nje jioni kukaa na kuwatazama tu. Nilichojifunza kwanza ni kwamba paka haji kwako kukukomoa. Kuna kitu anakifuata. Ukikipata hicho kitu na kukiondoa, au ukampa pengine pa kukipata, atakuacha na bustani yako.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye hata leo yuko porini, hata hapa jirani Ruaha. Ni mnyama wa nchi kame, huwinda peke yake, na mwendo wake mkubwa ni machweo na alfajiri. Kinyesi chake hukifukia, na kwa hiyo hutafuta udongo mkavu unaochimbika kwa ukucha. Sasa fikiria: umetifua tuta, umelainisha udongo, jua la Juni limelikausha. Umemjengea choo. Ndiyo maana wakati wa kifuku, udongo ukiwa umelowa na kushindiliwa na mvua, wanakusumbua kidogo sana.

Dawa ya tuta basi ni kuuondoa ule ulaini chini ya miguu yake. Mimi nilinunua wavu wa kuku, nikaulaza juu ya udongo, nikakata matundu na kupanda miche humo. Paka anakanyaga mara moja, anahisi waya, anageuka. Mahali ambapo wavu haukutosha nilipanga matunda makavu ya mipaina, yale magumu yenye magamba, ambayo ukipita Mafinga kwenye msitu wa Sao Hill utayakuta yametapakaa chini bila mwenyewe. Vijiti vilivyochomekwa karibu karibu navyo vinafanya kazi hadi mboga zifunge nafasi. Na mwagilia jioni badala ya asubuhi, ili anapopita gizani akute udongo umelowa.

Lakini haja yake iko palepale, na hapa ndipo wengi tunakosea. Ukimfungia tuta lako atakwenda la jirani. Nilichagua kona nyuma ya choo cha nje, mbali na mboga na mbali na watoto, nikamwaga ndoo nne za mchanga mkavu na kuweka kipande cha bati juu yake usinyeshewe. Ndani ya wiki moja walikuwa wamehamia pale. Kila baada ya siku mbili nachota kwa koleo na kufukia shimoni. Wenye ujenzi unaoendelea, ule mchanga wenu uliomwagwa mbele ya nyumba ndio choo kikubwa kuliko vyote mtaani, na watoto wanauchezea mchana kutwa. Ufunikeni kwa turubai.

Kuhusu harufu: maganda ya machungwa yanawakera kweli, ila kwa siku mbili tu, yakikauka wanayaruka. Pilipili usiweke. Inashika kwenye nyayo, paka hujisafisha kwa ulimi, kisha hupangusa uso kwa miguu ile ile, ikaingia machoni. Hayo ni mateso. Vidonge vya nondo na mafuta ya taa ni sumu kwake, na kwa mtoto wako pia.

Vilio vya usiku ni habari nyingine. Yule hana njaa wala haombolezi kifo cha mtu, kama tulivyoambiwa utotoni. Ni jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, anaita, au madume wawili wanaogombania. Huku kwetu, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, jike anaweza kuingia joto karibu wakati wowote wa mwaka, na wengine huanza wakiwa na umri wa miezi minne tu. Mimba ni siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Piga hesabu mwenyewe. Shume naye hukipa kisogo kitu chako, mkia juu ukitetemeka, akapiga mkojo ukutani. Anaandika mpaka wake, na harufu yake ni kali kwa sababu ya homoni za udume. Osha pale kwa siki na maji. Usimwage klorini juu ya mkojo, vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua.

Kwa vilio na mkojo wa ukutani sijaona kinachofaa zaidi ya kuhasi madume na kuwafunga majike kizazi. Sisi tulichangishana nyumba tano. Tuliazima kizimba, tukaweka usipa ndani, tukawapeleka kwa daktari wa mifugo mmoja mmoja, na walipopona tukawarudisha palepale. Swali ninaloulizwa kila mara ni kwa nini tuliwarudisha. Kwa sababu mahali penye chakula na joto hapakai wazi. Ukimwondoa huyu, anakuja mwingine usiyemjua, ambaye hajahasiwa, kama tulivyoona baada ya ile sumu. Aliyehasiwa analinda eneo lake, hazai, hapigi kelele, na panya wanaendelea kumwogopa. Kama mtaa wako hauna uwezo wa kuwafanyia wote, anzeni na majike.

Nimetaja joto, lile la kukimbilia baridi ikizidi. Watu wa Dar hawatanielewa, lakini kipupwe cha Mbeya, Njombe au Makete kinamsukuma paka darini, juu ya jiko la kuni, na hata chini ya boneti la gari lililoingia likiwa la moto. Gonga boneti asubuhi kabla ya kuwasha. Darini, usizibe tundu kwa hasira. Nyunyiza unga kidogo au majivu mlangoni pa tundu jioni, uangalie nyayo: zikitoka nje bila kurudi, ziba. Ukisikia vitoto, subiri. Mama yao huvihamisha mwenyewe akihisi mahali pamekuwa na fujo, na vikifika wiki nane hivi vinakula vyenyewe, unaweza kuvitafutia nyumba. Mwenye ghala la mahindi hukosi wa kumpa.

Chakula nitakieleza kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anakijua ila hatukitendi. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana, vichwa vya samaki vifukiwe, usipa usianikwe chini. Kama kuna jirani anayewalisha kwa huruma, msigombane naye. Mwombeni awalishe mchana, sehemu moja, na aondoe masalia. Vifaranga viwe vimefungiwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwenye bruda, yaani kibanda cha kulelea vifaranga, yenye wavu wa matundu madogo hata juu, maana kinachokimbia na kulia piii mbele ya paka, hata aliyeshiba atakirukia.

Ukitaka kumfukuza, piga makofi au mrushie maji ya baridi kidogo miguuni, lakini mwachie njia ya kutokea. Paka aliyebanwa kwenye kona ndiye anayerarua. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipiga huku na huku, mgongo ukainuka, rudi wewe nyuma. Maji ya moto kamwe. Nimemwona paka aliyemwagiwa, ngozi ya mgongo yote imetoka, kwa sababu tu alikuwa mweusi na mtu alimwona mlangoni kwake alfajiri. Rangi ile alizaliwa nayo. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu hata asiye na mwenyewe.

Yapo mawili ya afya ambayo sitaki myaache. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, ambavyo ni hatari kwa mimba. Vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano baada ya kinyesi kutoka kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, ndiyo maana kusafisha mapema kunasaidia. Mjamzito asiguse udongo wa bustani bila glavu, na mboga zioshwe vizuri. La pili, paka naye huambukiza kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona kama utaumwa.

Yule jirani wa sumu naye alichangia. Hakusema mengi, alileta pesa tu na kuuliza ni lini tunampeleka yule shume. Siku ya kumpeleka alikibeba kizimba mwenyewe hadi kwenye bajaji, amekifunika kwa kitenge ili mnyama asiogope njiani.