Ukianza na leza nyumbani, anza na ndoo ya maji

Ukishanunua K40, ile mashine ndogo ya leza yenye bomba la kioo la wati 40, mkono utakuwasha kubadilisha bodi ya umeme inayoiendesha, lenzi na programu. Nakuomba usubiri. Mimi nilikimbilia bodi, na bomba langu la kwanza likafa kabla sijaifaidi.

Bomba hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo kutoka kwenye ndoo. Maelekezo mengi utakayoyakuta yanatoka nchi za baridi, yanasema maji yawe kati ya nyuzi 15 na 20. Nilifuata hivyohivyo hapa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, nikajaza ndoo chupa za barafu. Dakika chache tu bomba likaanza kutoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na msimu wa joto kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 23 au 24 hivi hushika umande. Sasa kumbuka kwamba kwenye ncha ya bomba kuna umeme wa maelfu mengi ya volti. Ulipata njia kwenye unyevu, ukaruka, nikasikia tas, tas, na mwale ukapotea.

Siku hizi kipimajoto hakitoki kwenye ndoo. Nashusha maji hadi 25, sipiti hapo. Yakifika 28 mashine inapumzika, na mimi pia. Mkondo wa umeme kwenye bomba siuvushi miliampia 12. Kazi inachelewa, lakini bomba linadumu. Kama mashine yako inaonyesha asilimia ya nguvu tu, funga mita ya miliampia kwenye waya unaorudi kutoka kwenye bomba, maana asilimia haikwambii bomba linabeba mzigo gani. Mashine uifungue ukiwa umechomoa plagi ukutani na kusubiri, kwa sababu chaji hubaki ndani. Kama umeme huujui, mwite fundi, na akiwa hapo akupimie ethi ya nyumba, yaani waya unaopeleka umeme ardhini.

Maji yenyewe yasiwe ya bombani wala ya kisima. Yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme. Nenda duka la vipuri vya magari ununue maji safi ya kuongezea betri, na uwaambie wazi kwamba hutaki tindikali.

Kisha weka swichi mbili: moja ya mtiririko, ili maji yasipopita leza isiwake, na nyingine ya mfuniko, ili ukifunguliwa leza izime. Plagi ya pampu hulegea bila mtu kujua, na bomba lisilo na maji hupasuka upesi sana. Mwale wenyewe hauonekani kwa macho, kwa hiyo hata siku ya kupanga vioo vinavyouelekeza vaa miwani ya kuzuia nanomita 10,600, yaani urefu wa wimbi la leza hii, si miwani yoyote ya giza.

Hapo ndipo majaribio yanapokuwa matamu. La kwanza: egemeza kipande cha plaiwudi kikiwa mshazari, choma mstari mmoja toka chini hadi juu. Pale mstari ulipo mwembamba kuliko kwingine, pima umbali hadi kwenye lenzi. Huo ndio umbali wako wa kukatia. Lenzi nyingi za K40 huangukia karibu na milimita 50.8. Uandike kwenye daftari, pamoja na kasi na miliampia, na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Baada ya hapo ongeza pampu ya hewa ya kupuliza pale mwale unapochoma, hata ile ya tangi la samaki, uone kingo za mbao zinavyosafika.

Kuna siku mtu atakuletea ngozi bandia, ile ya viti vya bodaboda, umkatie. Nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini, na ikichomwa hutoa gesi inayounguza mapafu na kutia kutu reli za mashine. Toka nje, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse hicho kipande, kisha urudishe waya kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, mrudishie mwenyewe.