Futa folda zako za house na techno

Vijana wanaoanza u-DJ huniuliza sana: "Kaka, hii ni house au techno?" Ni aina mbili za muziki wa dansi wa mashine, zinazofanana kama ndugu. Zamani ningejibu hapo hapo. Nilikuwa na folda mbili kwenye flashi, moja HOUSE, nyingine TECHNO, na nilijiona mtaalamu.

Siku moja kwenye sherehe ya rafiki, watu wameshachangamka, nikataka kupiga "Strings of Life" ya Derrick May. Nikafungua TECHNO, haimo. Wimbo uliokuwa hewani ukaisha. Kimya. Mtu akapiga mluzi. Kumbe ilikuwa kwenye HOUSE, nilikoihamishia mwenyewe wiki iliyotangulia.

Niliihamisha kwa sababu ilinisumbua. Imetoka Detroit, mji wa techno, mwaka 1987. Lakini piano inarukaruka kwa furaha, laini ya besi haina kabisa, na wachezaji wa house Uingereza waliipokea kama yao. Utaiweka wapi?

Ushauri wangu ni huu: futa folda hizo. Panga nyimbo kwa mwaka, kando ya mwaka andika mji, kisha zisikilize kwa mfuatano huo mwezi mzima kabla hujaanza kubishana na mtu.

Utaanzia Chicago, kwenye klabu ya Warehouse iliyofunguliwa 1977. Frankie Knuckles, mtu wa New York, aliwapigia disko na soul usiku kucha vijana Weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja. Inasemekana neno house limetokana na jina la klabu hiyo. Halafu ruka hadi Detroit, 1981: Juan Atkins na Rik Davis, kwa jina la Cybotron, wanatoa "Alleys of Your Mind", wimbo mkavu wa mashine, Kraftwerk, bendi ya Ujerumani ya muziki wa mashine, wakisikika kwa mbali. Sasa tazama mwaka wa "On and On" ya Jesse Saunders, ambayo wengi huitaja kuwa rekodi ya kwanza ya house: 1984. Anayekwambia techno ni mtoto wa house, mwonyeshe tarehe hizo.

Ila usishangilie mapema. Sikiliza ngoma ya Cybotron: inavunjika na kuyumba. Ule mpigo wa nne kwa nne usiokatika, ngoma kubwa ikidunda kila hesabu, ambao leo ndio uti wa mgongo wa techno, vijana wa Detroit waliukuta ukitawala klabu za Chicago. Mama yake Derrick May alikuwa amehamia huko, na kijana akawa anakwenda kumsikiliza Knuckles, na DJ Ron Hardy kule Music Box, klabu nyingine ya Chicago. Naye hakwenda mikono mitupu: alimuuzia Knuckles mashine ya ngoma, Roland TR-909. (Hadithi hii naipenda kuliko zote. Hata mashine yenyewe ilisafiri.)

Jina lenyewe la techno lilikuja kushika mwaka 1988. Mwingereza Neil Rushton alikuwa akikusanya nyimbo za Detroit ziuzwe Uingereza, na albamu ilikuwa iitwe The House Sound of Detroit. Atkins akaleta wimbo wake "Techno Music", jina likabadilishwa: Techno! The New Dance Sound of Detroit. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "Big Fun" ya Inner City, na anayeimba ni Paris Grey, dada wa Chicago!

Wengi wetu huku tumeingilia mlango wa amapiano, kizazi cha house ya Afrika Kusini, kwa hiyo nyimbo hizi za zamani zitakuchosha wiki ya kwanza. Vumilia. Tumia spika yenye besi, maana kwenye simu utasikia nusu ya wimbo. Na usitenganishe aina kwa kasi peke yake. Kuna techno ya mapigo 125 kwa dakika na house inayoipita.

Flashi yangu sasa ina folda za miaka tu. Ya 1988 ndiyo nene kuliko zote. "Strings of Life" iko 1987, naipata hata gizani.