Naomba lakini naona giza tupu: nuru ya Mungu iko wapi?

SWALI: Bwana asifiwe, mtumishi. Nimeokoka miaka mingi, lakini kwa miezi kadhaa sasa nikiomba ni kama naongea na ukuta. Tulipatwa na msiba, kisha kazi ikaisha, na usiku silali. Nimefunga, nimekesha, nimewekewa mikono, na bado hali ni ile ile. Wenzangu kanisani wanasema imani yangu imepungua. Yohana 1:5 inasema nuru yang'aa gizani. Mbona mimi siioni? Nifanye nini?

JIBU: Asifiwe milele, mpendwa. Pole sana kwa msiba, na pole kwa maneno ya wenzako, maana nayo yanachosha.

Tuanze na hayo maneno yao. Isaya 50:10 inamtaja mtu anayemcha Bwana, anayeitii sauti ya mtumishi wake, na bado "aendaye katika giza, wala hana nuru". Mtu huyo hakemewi kwa imani haba. Haambiwi hata atafute chanzo cha giza. Anaambiwa alitumainie jina la Bwana na kumtegemea Mungu wake, basi. Wanaoonywa ni wale wa mstari wa 11, wanaowasha moto wao wenyewe na kutembea kwa mwanga wa mienge yao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mtiifu na akawa gizani kwa wakati mmoja, na hatari iliyo karibu naye ni ile pupa ya kujitengenezea nuru: kukimbilia kila anayetangaza unabii, kutoa pesa ili ufunguliwe, kuweka nadhiri ambazo kesho zitakuwa mzigo mwingine.

Sasa Yohana 1:5. Mstari unasema nuru inang'aa na giza halikuiweza. Hausemi kwamba kila aliye gizani ataihisi saa hiyo hiyo. Tazama Yohana 20:1: Mariamu Magdalene alifika kaburini alfajiri, "kungali giza bado", na jiwe lilikuwa limekwisha kuondolewa. Kristo alikuwa amefufuka kabla macho ya Mariamu hayajaona kitu. Na hata aliposimama mbele yake, mama yule, akiwa analia, alimdhani mtunza bustani. Ukristo umejengwa juu ya jambo lililotendeka, si juu ya jinsi tulivyoamka leo. Ukilishika hilo, hutalazimika kila asubuhi kuupima moyo wako ili ujue kama Mungu bado yupo.

Hata hivyo si giza lote ni la namna moja, na hapa watu wengi hukosea dawa kwa kutojua ugonjwa. Jiulize kwanza: je, kuna dhambi ninayoijua? Roho Mtakatifu anapomhukumu mtu hutaja jambo: uongo ule, deni lile, ndugu yule niliyemdhulumu. Sauti inayosema tu "wewe ni mbaya, umekwisha" bila kutaja tendo si yake. Ukiona jambo lenye jina, liungame kwa 1 Yohana 1:9, inayoahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, rudisha kinachorudishika kama Zakayo mtoza ushuru alivyofanya, na ulimalize. Usiliungame tena kila usiku. Kuungama mara kumi dhambi iliyosamehewa ni kuishuku ahadi. Ukijichunguza kwa uaminifu usione kitu, acha kufukua. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Swali la pili ni la mwili, na kwa hali uliyoeleza naliona ndilo la haraka. Soma 1 Wafalme 19 taratibu. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi dhidi ya manabii wa Baali mlimani Karmeli, sasa yuko chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hamhubirii wala hamkemei. Anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Pale kichwani kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Ndipo inapoanza safari ya siku 40 hadi mlima Horebu, na huko Horebu ndiko alikoisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Usingizi na chakula vilitangulia ufunuo, wala Biblia haioni aibu kutuambia hivyo.

Basi fanya hivi. Acha kufunga kwa sasa. Mfungo ni kwa mtu mwenye nguvu za kujinyima. Kwa mtu asiyelala na aliyepoteza hamu ya kula unazidisha giza, kisha giza hilo linahesabiwa kuwa vita vya kiroho, naye anaongeza mfungo. Wengi wameumia katika mzunguko huo. Acha pia mikesha. Lala saa ile ile kila siku, simu ikae mbali na kitanda, na ukiamka usiku wa manane usianze maombi marefu ya kupambana. Sema sentensi moja ya Zaburi, kisha tulia. Kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo uliyoyapenda vimepotea na kazi ndogo zinakushinda, nenda ukamwone daktari. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo hutibiwa. Kumeza dawa si kumkana Mungu, na ukiandikiwa dawa usiiache kwa sababu mtu amekuambia "pokea kwa imani". Na kama linakujia wazo la kujiua, mwambie mtu leo hii, usikae peke yako, nenda hospitali. Eliya, Yona na Ayubu walitamani kufa, na Mungu hakumtupa hata mmoja wao. Huna sababu ya kuona aibu kulitamka.

Sasa maombi yenyewe. Umesema unaongea na ukuta. Nadhani umekuwa ukijilazimisha kuomba maombi ya mtu mwenye furaha. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na tumeyaacha kwa sababu hayapendezi kuimbwa. Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, nayo imegawanyika vizuri: mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, wa 3 na 4 ni ombi, wa 5 na 6 ni tumaini. Asubuhi na jioni, dakika kumi zinatosha, isome kwa sauti ya kusikika. Kisha chukua karatasi uandike yako kwa mfuatano huo huo. Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Nawe andika "hata lini" zako nne, kwa majina ya mambo halisi: msiba, kazi, usingizi, ukimya wa Mungu. Yeye anaomba "uangalie, uniitikie; uyatie nuru macho yangu"; nawe omba kitu unachoweza kukitambua kikija, mathalani usingizi wa leo usiku, badala ya "unibariki". Mwisho andika jambo moja tu ambalo Mungu alikwisha kukutendea, hata kama ni la zamani.

Njia hii inapoharibika, mara nyingi huharibika mahali pawili. Wengine hurukia mstari wa 5 bila kupita wa 1, basi tumaini linakuwa la mdomoni. Wengine hubaki kwenye malalamiko, lakini wanamlalamikia Mungu kwa kila mtu isipokuwa kwa Mungu mwenyewe. Angalia kwamba Daudi anasema "Ee BWANA". Yesu naye msalabani, giza lilipofunika nchi toka saa sita hadi saa tisa, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Aliachwa, na bado akasema "wangu". Mwana wa Mungu mwenyewe ameomba ombi hilo, kwa hiyo ukiliomba hukufuru.

Siku ambazo hata Zaburi ya 13 ni nzito, kuna ya 88. Hiyo haina mwisho mzuri. Mistari yake 18 inaishia na neno "gizani". Katika Liturujia ya Vipindi ya Kanisa Katoliki, yaani sala zake rasmi za nyakati mbalimbali za siku, husaliwa kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, na naona ni hekima kubwa: Kanisa linampa aliyechoka ruhusa ya kulala bila kujifanya amefurahi. Siku ambazo maneno yote yamekauka, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kaa kimya dakika tano, uondoke. Hayo pia ni maombi.

Utapewa mistari mingi ya kukutia moyo. Ipokee, ila isome pamoja na majirani zake. Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", imetanguliwa na mstari wa 10 unaotaja miaka 70 Babeli. Ilikuwa barua kwa watu walioambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko uhamishoni. Maombolezo 3:22-23, kwamba rehema zake "ni mpya kila siku asubuhi", imesemwa na mtu ambaye katika mstari wa 8 analia kwamba Mungu anayapinga maombi yake, na katika mstari wa 44 anarudia tena kwamba Mungu amejifunika kwa wingu. Tumaini lilikuja katikati, kisha wingu likarudi. Kwa hiyo ukipata siku moja nyepesi na kesho yake ikawa nzito, usiseme umerudi nyuma.

Zaburi 119:105, inayoliita neno la Mungu taa ya miguu yangu, nayo inahitaji kuonwa ilivyo. Taa ya siku zile ilikuwa kijibakuli cha udongo chenye mafuta na utambi. Mwanga wake ulimtosha mtu kuona pa kuweka mguu, si kuona mwisho wa njia. Ndiyo maana nakusihi usifanye maamuzi makubwa sasa: kuhama, kuvunja uchumba au ndoa, kuhama kanisa kwa hasira. Katika Matendo 27 mabaharia wa merikebu iliyombeba Paulo, baada ya siku nyingi za dhoruba bila jua wala nyota, walitupa nanga nne wakaomba kuche. Waliotaka kuikimbia merikebu usiku ule kwa mashua ndogo Paulo aliwazuia. Kisha akawasihi wote 276 wale chakula, maana walikuwa wamemaliza siku 14 bila kula kitu.

Kuhusu wenzako, usiache ibada, lakini huna lazima ya kushuhudia wala kuongoza sifa. Kaa, acha wengine waimbe kwa ajili yako, na Meza ya Bwana ikiandaliwa, ishiriki. Mkate haupimwi kwa hisia zako. Chagua mtu mmoja au wawili wanaojua kunyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya. Mtu huyo mwombe kitu mahususi: "Njoo Jumatano tusome Zaburi moja," au "nisindikize kwa daktari." Ukimwambia tu "niombee", atakuombea, naye atakwenda zake.

Usishangae pia nuru ikirudi polepole. Kipofu wa Bethsaida (Marko 8:22-25) aliguswa na Yesu mara mbili, na baada ya mguso wa kwanza aliona watu kama miti inakwenda. Alipoulizwa kama anaona kitu, alijibu kweli, hakudai uponyaji ambao haujakamilika. Nawe wakikuuliza unaendeleaje, jibu hivyo hivyo: leo nimelala kwa muda wa saa nne, bado naona kama miti. Mchungaji wako naye apewe jibu hilo hilo, ili ajue akuombee nini.